Salamu za Mwenyekiti kwa Kocha

Niseme mapema kwamba mimi si mpenzi wa mpira. Mpaka leo ukiniuliza kuotea ni nini, nitakuelekeza kwa binti yangu, naye atakuchorea chini kwa kijiti. Timu ile ilinipata kwa njia nyingine. Mwenyekiti wake alinizaa, kocha wake alinioa, na ule msimu tulioanza vibaya mimi ndiye niliyekuwa njia pekee ya maneno kupita kati yao.

Timu ni ya kwetu, Gesima. Uwanja wake ulikuwa shamba la chai la baba yangu. Mama alipofariki, baba aling'oa chai katika sehemu pekee ya shamba iliyokaribia kuwa tambarare, akasimamisha milingoti ya mikaratusi, akawaambia vijana wachezee hapo badala ya barabarani. Kwetu mtu hang'oi chai. Ardhi yetu imegawanywa mpaka imebaki vipande vya kupimwa kwa kamba, na anayeondoa chai yenye afya ili watu wakimbizane juu yake huombewa. Baba aliombewa kweli, kanisani, na kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa alisimama na wengine akaitikia amina. Uwanja wenyewe una mteremko. Ukiuacha mpira katikati, unajiendea taratibu hadi kwenye nepia za jirani, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Wageni huuchukua mteremko huo kama tusi.

Mwaka mmoja timu ikapanda ligi ya kaunti. Kocha wa zamani akapata kazi Nakuru, na kamati ikamtaka mume wangu. Yeye ni mtu wa Ekerenyo. Ana duka la mbolea na dawa za mifugo, na ujanani alicheza mpira mzuri, au ndivyo anavyosema, na mashahidi wote wanaokubaliana naye ni wateja wake. Baba alikubali bila maneno mengi. Aliyemwonya ni shangazi yangu peke yake, dada yake baba. Alisema mkwe hapewi kazi, kwa sababu kila kazi ina siku yake ya kugombezana, na mkwe hagombezwi.

Shangazi alikuwa akisema juu ya jambo tunaloliita chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake, kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto, na kwa wakwe ndiyo huwa nzito zaidi. Mzee hamwoni mkwe wake akiwa hana nguo, wala mkwe hamwoni mzee. Hawatupiani neno zito. Hawaketi wakabishana ana kwa ana. Vijana wa siku hizi huyacheka mambo haya kwenye simu zao, halafu wakifika ukweni wanakaa kwenye ncha ya kiti kama babu zao. Mume wangu alikuwa ameshaoa kwetu miaka mingi. Alikuwa amepanda juu ya nyumba ya baba mara kadhaa kuziba mabati yanayovuja, na ni yeye aliyempeleka hospitalini Kisii kila alipotakiwa kupimwa presha. Hata hivyo mazungumzo yao hayakuwahi kuvuka mvua, majani chai na hali ya ng'ombe. Walipendana hivyo hivyo. Kaka zangu wako mbali, mmoja Nairobi na mwingine ng'ambo, na upendo wao huja kwa simu. Mwanamume wa kumshika baba mkono akiteleza alikuwa huyu wa Ekerenyo.

Mechi ya kwanza ya msimu ilipangwa Jumamosi. Nyumba nyingi za kwetu ni za Wasabato, na baba alisema timu yake haitagusa mpira siku ya Sabato hata kombe likiletwa na malaika. Wageni walifika, wakajipanga uwanjani peke yao, refa akapuliza kipenga, wakahesabiwa ushindi wakaenda zao. Vijana wetu walikuwa kanisani, wengine kwenye kwaya. Ninalitaja hili kwa sababu baba alilisahau upesi sana. Ligi ikatuhurumia, ikatuhamishia mechi Jumapili, na Jumapili tukafungwa wenyewe, bila kusingizia dini. Tukafungwa nyumbani. Tukafungwa Keroka. Tukatoka sare na timu iliyocheza ikiwa pungufu ya mtu mmoja kwa sababu pikipiki iliyombeba ilikufa njiani, na sare hiyo ndiyo iliyowauma watu kuliko vipigo vyote.

Kila Jumapili jioni simu yangu ililia. Baba huniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na jina hilo hulitumia kwa upole hata anapotaka kumchinja mtu.

"Mama, mwambie huyo mtu wako, yule kijana anayecheza kushoto anakimbia kama ng'ombe mwenye mimba. Amtoe."

Mume wangu huwa yupo hapo hapo mezani, anamega ugali, anajifanya hasikii. Nikikata simu ndipo anauliza.

"Tata anasemaje?" Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Ekegusii, na mkwe humwita vivyo hivyo.

"Tata anasema yule kijana wa kushoto anahitaji mazoezi zaidi."

"Hata mimi nimeona. Mwambie namfanyisha."

Na kurudi ilikuwa vilevile. Siku moja mume wangu alipandwa na hasira akasema, "Mwambie Tata timu haifundishwi na mtu aliyeketi chini ya mwavuli." Nilimpigia baba nikamwambia mkwe wake amepokea ushauri, na anamwomba asinyeshewe na mvua. Baba akasema huyo kijana ana adabu, shida yake ni mpira tu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Kazi yangu ni kusoma sentensi mbaya za watu na kuzirudisha zikiwa nzuri kidogo, bila mwenye sentensi kulia. Sikuona taabu kufanya nyumbani kazi ninayoifanya shuleni. Baba aliposema "Amelala?", mume wangu alisikia kwamba anaulizwa kama anapata usingizi. Mume wangu aliposema "Wazee hawa wananichosha," baba alisikia kwamba mkwe wake amechoka na anaomba maombi. Aliombewa kweli. Baba hafanyi mzaha na maombi.

Kwa watu wa nje, hali ilionekana tofauti kabisa. Waliona mwenyekiti ambaye timu yake inachapwa kila wiki, na bado akikutana na kocha wake anamuuliza habari za mvua. Walishangaa. Kamati nzima ililalamika, lakini kila mjumbe alijua mila, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumtaka mzee amgombeze mkwe wake. Kwa hiyo wote walingoja aanze yeye. Mchungaji akamtolea mfano kwenye mahubiri, akasema mvumilivu hula mbivu. Kwetu mbivu si haba, migomba imejaa mpaka nyuma ya vyoo, lakini watu waliitikia kwa nguvu. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na waumini walidhani ni unyenyekevu. Mimi nilijua kwamba asubuhi ya Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameniambia nimuulize huyo mtu wangu kama dukani kwake hakuna dawa ya minyoo awape wachezaji.

Mashabiki wa kawaida hawakuwa na mila ya kuwafunga mdomo. Nikipita stendi ya boda boda pale Nyamira, nilipigiwa kelele na wanafunzi wangu wa zamani.

"Madam! Ambia mzee atoe huyo jamaa! Tumechoka kuchapwa kama watoto."

"Mtu ya Ekerenyo atafunza Gesima nini?"

"Leo mmempikia kocha chai ya mkwe ama bado?"

Nilicheka nao. Nyumbani hatukucheka. Kuna jioni moja nilimkuta mume wangu akifunga duka, na akiwa bado ameinama kwenye kufuli, akaniambia jambo bila hata kupandisha sauti.

"Kama Tata anataka kuniondoa, aniondoe. Timu ni yake. Lakini mtu akishanifukuza mbele za watu, mimi sirudi kwake kula. Wewe utaenda, ni kwenu. Mimi nitakuwa nimemaliza."

Angesema kwa ukali ningempuuza. Mume wangu akiwa mkali huwa amesahau kabla ya kulala. Lakini alilisema polepole, na mimi namjua. Ana ndugu yake wa tumbo moja waliyekosana kwa ajili ya ua wa mpakani, na tangu hapo wanapitana njiani kama watu waliokodi sehemu mbili za barabara. Nilisimama pale nimeshika mkoba, nikawaza ni nani atapanda juu ya nyumba ya baba mvua ikianza, na ni nani atakaa naye kwenye benchi la hospitali Kisii, kwa kuwa mimi huwa darasani. Niliogopa. Naliandika hivi wazi kwa sababu ndugu zangu hupenda kulisimulia jambo hili kama kichekesho, na kusema kwamba mimi nilikuwa nikijifurahisha.

Kisha baba akapiga simu siku ya kazi, nikiwa nasahihisha insha katika chumba cha walimu. Nilijua si salamu.

"Mama, kamati imeniketisha chini. Wamesema kile ambacho mimi siwezi kusema." Akakohoa. "Mwambie Jumapili hii tukishindwa, iwe yake ya mwisho. Mwambie kwa heshima."

"Nitamwambia, Tata."

Jioni mume wangu aliniuliza kama mzee amepiga. Nilikuwa namimina chai. Nikasema Tata anasema Jumapili wacheze bila wasiwasi.

Aliacha kutafuna. "Amesema hivyo?"

"Amesema."

"Yule mzee," akasema, akatikisa kichwa. "Mtu mwingine angekuwa amenitoa zamani." Akaomba chai nyingine, na usiku huo alilala fofofo. Mimi sikulala. Nilikuwa nimefuta neno zima safari hii, nisibakishe hata mkia wake, na sikuwa na mpango wowote zaidi ya kutumaini kwamba vijana wa Gesima watafunga bao. Mtu asiyejua mpira akifikia kutumaini bao, ujue amezama.

Jumapili ilinyesha tangu adhuhuri. Nilikwenda uwanjani, jambo nisilolifanya mara nyingi, nikasimama upande wa nepia na gambuti zangu. Baba alikuwa amekaa mahali pake upande wa pili, kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwavuli wake mweusi. Wageni walitoka upande wa Kisii mjini, wote wamevaa suti za michezo za rangi moja, na mashabiki wetu walianza kuwachukia hapo hapo. Mpira ulianza. Yule kijana wa kushoto aliupoteza mpira, akaupoteza tena, na mara ya tatu walioupata waliupeleka moja kwa moja hadi wavuni kwetu.

"Kocha aende! Kocha aende!" mashabiki wetu wakaanza.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amesimama kwenye mstari, ameloa chapachapa, na anatabasamu. Aliwapungia vijana mkono watulie. Alikuwa mtu aliyeambiwa acheze bila wasiwasi, na mimi ndiye niliyemwambia. Nikamtazama baba. Baba naye alikuwa akilitazama tabasamu lile. Kwa alivyojua yeye, huyu alikuwa mtu aliyepewa onyo la mwisho kwa heshima zote, na anacheka. Nilijua kila mmoja wao anaona nini, na katika uwanja ule wote hakuna mwingine aliyejua.

Kipenga cha mapumziko kikalia, wachezaji wakakimbilia kibanda cha mabati kilicho kando ya uwanja. Zamani kibanda hicho kilikuwa cha kupimia majani chai, siku hizi ndicho cha kubadilishia nguo. Baba akasimama. Aliuacha mwavuli juu ya kiti na kuanza kwenda, mikono nyuma, moja kwa moja kwenye mlango wa kibanda.

"Tata!" niliita. Nadhani alisikia. Watu walio karibu walisikia, maana waligeuka wote wakanyamaza. Mzee wa umri wa baba haingii mahali ambapo vijana wa umri wa wanawe wanabadilisha nguo. Hilo halihitaji kuandikwa ukutani. Mtoto wa nasari anajua.

Akaingia.

Kelele za ndani zilikatika ghafla. Yaliyotokea humo nilisimuliwa na mume wangu baadaye, kwa vipande, kwa kuwa hata kuyasimulia kulimwia vigumu. Vijana walikuwa wamevua jezi zilizolowa wazikamue, na wengine kaptula pia. Yule wa kushoto alikuwa akitetemeka kwa baridi, kwa hiyo mume wangu alikuwa amevua shati na fulana yake akampa, akabaki kifua wazi mbele yao, akiwaeleza mambo ya kipindi cha pili. Mlango ukafunguka na mzee akasimama hapo, kidole juu, mdomo wazi. Vijana waligeukia mabati. Kipa alijificha alichoweza kukificha kwa glavu zake. Mume wangu alijikumbatia kifua kwa mikono miwili. Baba akamtazama, na mume wangu anasema aliiona hasira ikimtoka mzee usoni na haya ikiingia mahali pake. Kidole kikashuka chenyewe.

"Poleni na mvua," baba akasema, akatoka kinyumenyume.

Hakurudi kwenye kiti chake. Alipita katikati ya chai, akapanda mlima kuelekea nyumbani bila mwavuli, na hakugeuka nyuma. Kipindi cha pili kilichezwa na vijana waliokuwa wakiona aibu kutazamana. Tulishindwa kwa bao lile lile moja.

Kwa masharti aliyoyatoa baba, mume wangu alipaswa kuwa amefukuzwa jioni ile. Lakini aliyepaswa kumfukuza alikuwa amejifungia. Baba hakupiga simu Jumapili ile wala iliyofuata. Kamati ilikutana ikatawanyika bila neno, kwa kuwa mzee aliyemwona mkwe wake bila shati, tena amekwenda kumkaripia, hawezi tena kumwondoa kazini. Yeye ndiye aliyekosea. Mume wangu kwa upande wake aliona aibu kubwa kuliko kosa lolote, na hakuthubutu kukanyaga kwa baba. Nilichokuwa nimekiogopa kikawa kimetokea, ila hakuna aliyemfukuza mwenzake. Nyumba mbili zilizimiana taa kwa heshima tupu.

Nilikwenda Gesima peke yangu. Nilimpikia baba, nikamfulia, nikaweka beseni katikati ya sebule mahali pa mabati yanayovuja. Aliniuliza habari za shule. Aliniuliza habari za mvua. Aliuliza kama watoto wanakula. Kutoka mlangoni kwake uwanja wote unaonekana chini, kwa hiyo alikuwa amekihamishia kiti chake nyuma ya nyumba, kikitazama migomba. Siku ya kwenda Kisii kupimwa presha ilikuwa inakaribia, na hatukuitaja.

Timu nayo ikaanza kushinda, msiniulize kwa nini. Mume wangu anasema ni vijana kuzoeana, jambo alilokuwa akilisema tangu mwanzo. Mashabiki wanasema ni ule mshtuko wa kibandani uliowafungua miguu. Mimi nadhani tulikutana na timu mbaya kuliko yetu, maana hata hizo zipo. Tulipata sare, tukashinda, tukafungwa, tukashinda tena. Yule kijana wa kushoto alifunga bao kwa goti, bila kukusudia kwa jinsi nilivyoona, na wale wale waliotaka kocha aende wakambeba kocha juujuu. Katibu wa kamati, ambaye hajui kuzungumza polepole, alitangaza sokoni kwamba subira huvuta heri na kwamba yeye binafsi hakuwahi kuwa na shaka.

Jumapili moja nilifika kwa baba mapema kuliko kawaida, mechi ikiwa inaendelea kule chini. Kiti kilikuwa kimerudi upande wa mbele. Aliponiona alisimama haraka akasema alikuwa anaota jua. Siku hiyo hakukuwa na jua.

Aliyelimaliza jambo ni shangazi. Alikuja, akaketi, akakunywa chai yote iliyokuwepo, kisha akasema zamani mzee akimwona mkwe wake hana nguo alimvika, na mambo yakaisha. Mila nyingine zinazohitaji damu ya mbuzi baba asingezikubali, kwa ajili ya kanisa, lakini nguo ni nguo. Sijui kama mila hiyo ipo au shangazi aliitunga akiwa ameshika kikombe. Ana uwezo huo. Baba akanituma mjini Kisii nikanunue koti la mvua.

Nililinunua katika duka la familia moja ya Kihindi iliyokaa Kisii tangu kabla sijazaliwa, kwa mama mzee anayewapima watu kwa macho na hakosei. Aliniuliza koti ni la nani.

"La mkwe wa baba yangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Sasa huyo si ni bwana yako?"

"Ndiye."

"Basi sema bwana yako!" Akacheka mpaka akakaa. Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nilichukua la kijani, lenye kofia.

Tulikwenda Jumapili ambayo ligi ilipumzika. Mume wangu alikaa kwenye ncha ya kiti, baba kwenye kiti chake, na mimi katikati, na beseni la mvua miguuni petu likipokea tone moja moja. Walikuwa karibu kiasi kwamba mmoja angenyoosha mkono angemgusa mwenzake. Baba akanigeukia mimi.

"Mama, mwambie hili koti ni la mvua."

"Mwambie Tata asante sana," akasema mume wangu, naye akinitazama mimi.

"Mwambie siku ile sikuingia kwa ubaya."

"Mwambie Tata mimi sikuona ubaya."

Mimi sikuwa na la kufanya. Maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu yakiwa mabichi, na hakuna hata moja nililoweza kuligusa. Nilianza kuona kwamba hali si mbaya, kwamba labda hawakuwahi kunihitaji. Ndipo baba akasema:

"Mwambie lile neno nililomtumia, kwamba tukishindwa Jumapili ile iwe yake ya mwisho, nimeliondoa."

Mume wangu alinitazama. Alinitazama kama mtu anayesoma tena kitu alichokisoma zamani kwa haraka. Niliona akikumbuka chai niliyommiminia, lile tabasamu lake kwenye mstari, na mzee mlangoni, kidole juu. Nilisubiri. Tone liliangukia beseni, na lingine.

"Mwambie Tata," akasema, bado akinitazama, "kwamba lile neno nililipata. Na kwamba limeondolewa, hilo pia nimelipata."

Akasimama, akalivaa koti jipya ndani ya nyumba, akasema anakwenda kutazama hayo mabati. Tulimsikia akiiburuta ngazi.

Nilikusanya vikombe. Baba alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Hakulipata," akasema.

"Hakulipata, Tata."

"Na lile la ng'ombe mwenye mimba?"

"Hilo pia."

Akatikisa kichwa taratibu, akaweka kijiko. "Mama, kamati ina katibu. Ana mdomo, ana pikipiki, na anapenda kutumwa. Ningetaka maneno yafike, ningemtuma yeye." Akanywa. "Tangu ukiwa mdogo, hujawahi kufikisha neno kali nyumba ya pili."

Nilisimama na vikombe vyangu, nikiwa nimejiona mjanja msimu mzima. Juu yetu nyundo ilianza kugonga, kisha ikasita, kisha hatua zikasogea kuelekea ukingoni. Baba alitazama juu akizifuata, uso umejaa hofu.

"Mwambie awe mwangalifu," akasema. "Mwambie mabati yana utelezi, na mimi sina mtu mwingine."

Nikatoka nje mvuani, nikaita mpaka akainama kunitazama, kofia ya kijani imemfunika macho. Nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.